Chai ya Saa Kumi

Mpenzi Hester,

Huku Brighton mvua haijakatika tangu Jumapili, na paka wa jirani kahamia kwangu bila hata kuomba. Kitabu changu kuhusu ule mchezo wetu wa majasusi wa televisheni nimekimaliza. Mhariri, binti mmoja mkavu kama biskuti, kanirudishia. "Mzee Alban, mapenzi yako wapi humu?"

Nikamwambia asome sura ya kamba. Unakumbuka? Nilikuwa nimening'inia juu ya Moscow yetu ya mbao pale studio, bastola mkononi, adui ananijia, mara ikagonga saa kumi. Mafundi wakazima taa, wakaenda zao kunywa chai.

"Nishusheni jamani!"

Msimamizi wao hata hakugeuka. "Mshusha kamba naye yuko kwenye chai, bwana."

Wewe, uliyekuwa adui mwenyewe, ukapanda ngazi na kofia yako ya manyoya, ukaninywesha kikombe kizima na kunilisha keki. "Tafuna taratibu, jasusi," ukasema, "utachafua suti ya watu."

Mhariri kasema, "Hayo si mapenzi, hiyo ni chai." Mtoto yule hajui kitu.

Sasa usishtuke. Alhamisi wananipasua kifua, moyo umechoka. Nesi anasema nitaamka nimefungwa mirija kila upande, hata kujigeuza siwezi. Chai yao nimeshaionja: maji ya kuoshea vikombe. Wageni wanaruhusiwa kuingia kuanzia saa kumi.

Safari hii ngazi haihitajiki.

Wako ninayening'inia,
Alban