Chui Mwenye Pindo Jekundu

Accra, 6 Machi 2011

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na Mama Mkubwa hajambo na majirani bado wanamvumilia. Mimi sijambo, ila ngozi ya pua imebambuka kwa jua. Simu hutaki, kwa hiyo nampa barua mama muuza samaki wa moshi, anarudi huko Jumanne.

Uliniuliza tamasha la sanaa lilikuwaje. Mjomba, ungekuwepo ungetema mate mpaka koo likauke. Wametupanga barabarani kando ya mtaro, wasanii arobaini, kila mmoja na meza yake na turubai la kufunika kichwa tu, mabega yaungue. Kulia kwangu kuna jamaa anagundisha visoda vya bia kwenye mbao, halafu anaandika AFRIKA chini yake kwa herufi kubwa. Kushoto kuna mama anachora wanawake watatu wenye vichwa kama mayai, wamebeba vyungu. Picha mia, wanawake watatu, mayai yale yale. Na wote wawili wanauza! Mimi niliyekaa miezi minne nakata na kushona bendera sita, mkono mtupu.

Mteja wa kwanza aliniuliza kama ni blanketi la mtoto. Wa pili alitaka kujua mbona mamba wangu hatabasamu. Wa tatu aliigeuza, akatazama nyuma, akasema, "Kumbe umeshona pande zote mbili! Ungeshona mmoja ungepunguza bei." Nikamwambia, "Dada, na wewe ungezaliwa na upande mmoja, mama yako angepumzika mapema." Akaondoka na hasira zake. Baadaye wakaja watu watatu wa kamati, wamevaa beji kubwa kuliko vifua vyao, kunionya kuhusu lugha.

Nasikia Ebo Nyarku anakuja kwako kila Jumapili. Mjomba, najua mwaka huu, ikipita siku ya kufyeka njia, sikukuu yetu ya mji, utataja nani anarithi sanduku lako la ruwaza za bendera. Sisi sote wawili ni wapwa zako, sawa. Lakini Ebo anashona upande mmoja na nyuma anabandika kwa gundi. Lile sanduku ndilo kitu pekee nilichowahi kukitaka duniani, nakuambia waziwazi, usije ukasema sikusema.

Mpwa wako,
Abokoma


Eduampoano, 20 Machi 2011

Mpwa wangu Abokoma,

Marahaba. Goti ni lile lile. Mama Mkubwa hajambo, wiki hii amegombana na mchungaji. Samaki wa yule mama walifika wameivundisha barua yako, nimeisoma nimeziba pua.

Nilicheka habari ya yule dada wa upande mmoja. Halafu nikaacha kucheka. Yeye mjinga, haya, lakini nani aliyempelekea bendera pale mtaroni? Bendera hutoka siku kikosi cha mji kinapotoka. Ina mtu wa kuicheza, ina ngoma yake, ina adui wa kuitazama akaumia. Wewe umeitundika kama soksi, kisha unashangaa wanakuuliza habari za mablanketi.

Sikukatazi. Una miaka thelathini na minne, na hata ulipokuwa na saba sikukuweza. Ila mambo mawili. Usishone upande mmoja, hata ukifa njaa. Na usiuze chui. Mimi ni wa Kikosi cha Kwanza kwa baba yangu, wewe ni wa Kikosi cha Pili kwa baba yako. Chui mwenye pindo la kijani ni sisi. Mamba mwenye pindo jekundu ni ninyi. Miaka arobaini nimewashonea wote, na hakuna aliyeniambia mkono wangu umeegemea upande. Anayechanganya mnyama wa hawa na pindo la wale ametukana mji mzima. Kovu la Supi, mkuu wa kikosi chetu, unalijua. Lilitokana na pindo, si kitu kingine.

Ebo Nyarku anakuja kula. Sanduku sijamwonyesha hata kufuli yake. Lakini anakuja, na wewe huji.

Mjomba wako,
Kwamena Baiden


Accra, 2 Mei 2011

Mjomba wangu,

Shikamoo, habari za hapo? Goti je? Mimi mzima kabisa, maana nimeuza!

Tamasha la safari hii lilikuwa kwenye bustani ya manispaa, na mvua ilinyesha siku mbili. Jamaa wa visoda amepata kutu, nimefurahi sana. Siku ya tano akaja bwana mmoja, Wakili Ablorh, tumbo mbele, na kwapani amebeba nini? Mto wa kochi. Nakuapia. Alikuwa anapita meza kwa meza, anauweka ule mto kando ya kila kazi, anarudi nyuma hatua tatu, anafumba jicho moja. Vichwa vya mayai havikulingana. Visoda havikulingana. Alipofika kwangu akasema anataka mnyama mkali, ila rangi ifuate mto.

Hakuuliza mnyama anasema nini. Hakuuliza nani alinifundisha. Aliuliza kama itafuliwa na sabuni ya unga. Basi nikabadilisha kidogo nilivyoagizwa, nikampelekea baada ya wiki. Itakaa sebuleni kwake, itatazamwa na wageni wanaokula karanga. Watu wa namna hii, Mjomba, wanastahili chochote utakachowapa. Kamati wakanipiga picha naye na mto wake.

Mwambie Ebo Nyarku nimeuza.

Mpwa wako,
Abokoma


Eduampoano, 15 Mei 2011

Abokoma,

Marahaba. Sisi wazima.

Umeandika habari za mto mpaka karatasi imejaa, na habari za bendera hakuna. Mnyama gani? Pindo la rangi gani? Nijibu kwa mama wa samaki, harudi huku bila jibu lako.

Mjomba wako,
Kwamena


Eduampoano, 5 Septemba 2011

Abokoma,

Miezi mitatu na nusu mama wa samaki ananiletea samaki tu. Nilitaka nisikusalimu, maana sijui kama nataka kujua hali yako. Lakini bibi yako hakunilea kishenzi, basi, hujambo?

Sasa najua ni mnyama gani.

Juzi ilikuwa siku ya kufyeka njia. Yule wakili wako alikuja, amealikwa na wakubwa wa wilaya, na ili aonekane mwenyeji alifunga bendera mbele ya gari lake. Sisi tulikuwa tunatoka mtoni, ngoma mbele, majani mabichi vichwani. Gari likatokea kona ya kanisa. Chui wetu, ndani ya pindo jekundu. Unajua kusoma, sina haja ya kukusomea. Kikosi cha Pili kimemfunga chui wetu kamba, kinamtembeza mjini siku yetu wenyewe.

Chupa ziliruka kabla sijamaliza kutazama. Vijana wawili wametobolewa vichwa. Wakili aliingia uvunguni mwa gari, akawa anapiga kelele, "Inalingana na kochi langu! Jamani, inalingana na kochi!" Hakuna aliyeelewa ni tusi la kabila gani, wakazidi kumtupia.

Supi akaing'oa bendera. Akaigeuza. Nyuma sawa na mbele, kila mshono. Pwani nzima wanaoshona hivyo ni wawili. Watu wakanigeukia. Na ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama baba zako wadogo na marungu yao, wanangoja jina. Ningesema ni wewe, binti wa Kikosi cha Pili uliyekaa kwenye mkeka wangu ukajifunza chui wetu, leo tungekuwa tunazika watu.

Nikasema, "Ni mimi. Macho yamekwisha. Niliona ni kijani."

Abokoma, wakanionea huruma. Nimetukanwa kwa bendera mara sita maishani mwangu, na zote nilizijibu kwa sindano. Huruma sijui inajibiwaje. Supi mwenyewe alinishika kiwiko akanirudisha nyumbani, ananiambia, "Angalia mtaro huo, mzee," mtaro ambao ninauona kuliko yeye.

Wameamua kipofu hashoni bendera. Sanduku amepewa Ebo Nyarku. Alilibeba kwa toroli, anapiga mluzi. Ufunguo nilisema umepotea, maana kipofu hupoteza vitu. Sasa nakaa barazani, watu wakipita wananitajia majina yao kwa sauti kubwa. Mama Mkubwa peke yake ndiye anayejua, na ananicheka.

Wale watu wa mtaroni uliwadharau kwa sababu hawajui. Kweli hawajui. Wewe ulikuwa unajua.

Mjomba wako, asiyeona,
Kwamena Baiden


Accra, 25 Septemba 2011

Mjomba,

Shikamoo. Sitauliza habari za goti, naona haya.

Nimesoma barua yako mara nne. Sina cha kujitetea, ila nitakuambia ilivyokuwa. Yule chui sikumtundika. Nilimshona kuzoeza mkono, alikuwa na pindo lake la kijani, nimemkunja chini ya meza. Wakili aliinama kuokota mto wake ulioanguka, akamwona. "Huyu. Ila awe mwekundu." Ilikuwa siku ya tano bila mteja, na mama wa vichwa vya mayai alikuwa ameninunulia kenkei ya mahindi na samaki kwa sababu alinihurumia. Mimi! Kuhurumiwa na yule! Nilitaka niuze hata kivuli changu. Na nilipokuwa nafumua lile pindo nilikuwa nacheka moyoni, nasema mjinga huyu hajui anachonunua. Nilicheka mpaka nikamaliza kushona jekundu. Barua yako ya Mei niliiweka chini ya godoro kwa sababu jibu lake nilikuwa nalo.

Nakuomba radhi. Najua radhi haitoshi, maana wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba bendera haijibiwi kwa mdomo. Basi fungua kifurushi alichobeba mama wa samaki.

Huyo mwanamke mdogo mwenye pua inayobambuka ni mimi. Nimekaa chini ya turubai, namkabidhi chui kwa mto wa kochi wenye miguu. Yule mzee pembeni ni wewe, na macho nimekushonea makubwa. Pindo ni jeupe, lisiwe la kwenu wala la kwetu. Sijawahi kusikia mtu aliyejishonea bendera ya kujitukana mwenyewe, lakini sikupata mwingine anayestahili.

Mpelekee Supi, mbele ya vikosi vyote viwili. Waambie aliyeshona chui ni nani, na nani anaona. Wakitaka kunipiga chupa, nitakuja nisimame. Sanduku abaki nalo Ebo, ila wewe urudishiwe sindano yako.

Mpwa wako, kama bado unanihesabu,
Abokoma


Eduampoano, 16 Oktoba 2011

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linauma, kwa sababu nimesimama nalo siku nzima kwa ajili yako.

Supi aliwaita wakuu wa vikosi vyote viwili. Nikaitandaza bendera yako sakafuni, nikawaambia yote. Baba mdogo wa baba yako, yule mkuu wa Kikosi cha Pili, ndiye aliyeuona kwanza ule mto wenye miguu. Alicheka mpaka akaletewa maji. Wa kwenu wote wakamfuata. Lakini Supi wetu hakucheka. Akasema, "Mzee Kwamena, tutajuaje kwamba unaona? Huenda mpwa wako anajitwisha kosa ili akuokoe."

Nilikuwa nimeandaa maneno mazito ya kumjibu. Lakini bendera walikuwa wameiinua watu wawili karibu na dirisha, upande wa nyuma umenielekea, mimi niko mlangoni. Nikaona sikio la chui. Sikujizuia, nikafoka, "Nani alimfundisha huyu mtu kushona sikio namna hii? Mishono mitatu ya uzi wa kijivu kwenye nyeusi!"

Wakainamia bendera. Supi akavaa miwani. Wakatafuta wee, wakabishana, wakaipeleka nje juani. Mwishowe wakaihesabu: mitatu. Hakuna aliyeniuliza tena habari za macho, na leo hakuna anayenitajia jina lake akipita.

Hukumu ni hii. Mimi natoa kondoo kwa kuudanganya mji. Wewe unatoa kondoo kwa ajili ya chui. Na mwakani, siku ya kufyeka njia, utaicheza hiyo bendera mwenyewe, kutoka mtoni mpaka kanisani, mji mzima umesimama, kila mwenye neno la kukutolea alitoe. Yatakuwa mengi. La kwangu nimeshalianza.

Mtumie yule mama wa mayai samaki wazuri, useme wametoka kwangu. Nani mwingine angekulisha na ulimi huo?

Ebo Nyarku amerudisha toroli na mzigo wake. Alikuwa ameipiga kufuli kwa nyundo, ikavunjika nyundo. Sanduku lako liko chini ya kitanda changu. Lile sikio sijaligusa, nimeweka alama ya chaki tu, utalifumua mwenyewe mbele yangu. Uzi mweusi tayari nimeutia kwenye sindano ndogo, bila miwani, Mama Mkubwa shahidi.

Usinijibu kwa barua. Njoo.

Mjomba wako,
Kwamena