Bei Inashukaka na Makasi

Wambui wangu,

Hapa Coon Rapids, Marekani, hatujambo, ila guka yako, babu mzima, bado anagombana na theluji. Umeniuliza utaanzaje kutumia kuponi huko chuoni.

Nilipokuwa mgeni hapa, nilimwambia keshia wa supamaketi anipunguzie bei ya sabuni kidogo, mimi ni mteja wake. Akanikodolea macho. Nyuma yangu akacheka Mama Furaha, Mkongomani wa mtaa wa Phillips: “Dada, huku bei haishukake na kinywa. Inashukaka na makasi.” Akanipa kuponi yake ya sabuni ile, kikaratasi cha punguzo alichokikata gazetini kwa mkasi.

Siku hizi kuponi ziko kwenye simu. Anza na vitu unavyonunua kila wiki, basi.

Siku ile tulipotoka nje nikaona mfuko wa Mama Furaha na risiti yake: sabuni ileile, ameilipia bei kamili.

Bibi yako, Cucu