Kuku Waliokula Michembe Yako

Mayu,

Mwangaluka, mama yangu. Najua huitiki tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Nakuandikia nikiwa jikoni, hapa Kahama. Wajina wako, mjukuu wako Kabula, amelala mkekani. Kliniki wamesema ana upungufu wa damu. Nesi alipouliza mtoto anakula nini, nilijibu kwa maringo kabisa: asubuhi chai na maandazi, mchana chipsi, jioni ugali wa sembe, na soda akipenda. Akauliza, mboga za majani je? Karanga? Mimi, binti wa Kishapu, nikainamisha kichwa.

Maana niliikumbuka siku ile. Kila baada ya mavuno ulipanda basi kutuletea michembe, viazi vyako vya kukausha, na nsansa, yale majani ya kunde uliyoyachemsha na kuyaanika mwenyewe juu ya jiwe. Mimi nikawaambia majirani ni chakula cha kuku. Niliona haya. Mtu nina friji, nionekane natafuna viazi vikavu? Mara ukaja bila taarifa, ukawakuta kuku wanadonoa michembe yako uani. Ulisimama na mfuko mwingine kichwani. Hukugomba. Ulisema tu, "Kuku wako wamenona, mwanangu." Nikacheka. Nilicheka, Mayu! Na wewe ukaomba maji ya kunywa.

Hukuja tena. Nikasema umenuna, utapoa tu. Misimu mitatu ikapita, kisha nikapigiwa simu nije kukuzika.

Tulipomaliza msiba nilifagia chumba chako. Chini ya kitanda nikakuta ule mfuko wa bluu niliokuletea nao sukari zamani. Ndani yake mafungu matatu ya nsansa, yamefungwa kwa vipande vya kanga yako. La chini limeshapauka, la juu bado linanukia jua. Kumbe kila msimu ulituanikia, ukaogopa kuleta.

Fungu la kwanza nililiharibu. Sikuosha mchanga vizuri, Kabula akatema. La pili nililipika kwa karanga kama ulivyokuwa unafanya. Alikula akalamba vidole, akauliza, "Bibi ataleta nyingine lini?" Nikamwambia ngoja nikachukue kuni nje. Na hapa tunapikia gesi, Mayu.

La tatu nilitaka kulitunza maisha yangu yote. Lakini mtoto anahitaji kula kuliko mimi ninavyohitaji kulia. Kesho nalipika.

Nisamehe. Mvua zikianza nakuja Kishapu kupanda kunde shambani kwako. Shangazi atanifundisha kuanika, kwa kuwa wewe sikukuuliza hata siku moja. Mavuno yangu nitayafunga kwa vipande vile vile vya kanga. Nitashuka stendi na mfuko kichwani, nitapita mbele ya majirani wote, na atakayeuliza nimebeba nini nitamwambia ni chakula cha mwanangu.

Pumzika, Mayu. Kuku nimewagawa wote.

Mwanao,
Mama Kabula