Mwanangu Hakimu Ameacha Vitabu

Jumapili, msimu wa korosho. Joto la leo linakaa kifuani. Mawingu yamejipanga juu ya Magomeni yetu ya huku kusini tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki, na mimi niko hivyo hivyo.

Somoe, mwanangu, ameondoka alfajiri na basi la Songea. Sijafagia chumba alicholala. Nikifagia ndiyo kusema kweli ameondoka.

Kwa anayesoma maandishi yangu mara ya kwanza, mimi ni mama wa hakimu. Huwa naanza na hilo hata zahanati, kabla sijasema naumwa wapi. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini kusoma hakukuishia hapo. Mtaa huu hakuna mwanamke aliyesoma vitabu kama mimi, na anayebisha aje barazani kwangu tuulizane. Nimesoma hadithi, nimesoma vya dini, nimesoma hadi vitabu vya kilimo cha mazao ambayo huku hayaoti. Gazeti lililofungia dagaa nalisoma kabla sijalitupa, halafu nashinda na hamu ya kujua habari iliyokatikia kwenye mafuta.

Zamani nilisoma kwa pupa. Nilitaka kujua nani atamwoa nani na nani atafumaniwa, basi. Wali unaungua, mimi nageuza kurasa. Siku hizi nasoma polepole. Nikikuta sentensi nzuri nashusha miwani, natazama ukuta, naimumunya kama ubuyu. Kwenye simu sisomi. Somoe alininunulia simu nzuri, akaitegesha ifunguke kwa kidole, ikanikataa. Miaka yote hii ya kubangua korosho, utomvu wa maganda umenila vidole hadi alama zimefutika. Simu haijui mimi ni nani.

Kitabu hakiulizi.

Sasa niandike kilichonikalia moyoni.

Mimi na Somoe tuna utaratibu wetu. Nikimaliza kitabu nakifunga vizuri, nakipeleka stendi, kinapanda basi hadi Songea kwenye kituo chake cha kazi. Ijumaa jioni ananipigia tukizungumze. Kila mara anasema, "Anza wewe, mama." Nami naanza. Nasimulia, naiga sauti za watu, nawagombeza, nacheka mwenyewe, mpaka simu inachemka sikioni. Nikikata naona raha. Naona tumesoma wote wawili, yeye kule, mimi huku.

Wiki hii amekuja likizo na boksi. Anahamia nyumba ndogo, hana pa kuviweka, kwa hiyo amenirudishia vitabu vyote. Bi Fatu, jirani yangu, alikuwepo. Tulikuwa uani tunabangua, mikono tumeipaka majivu ili utomvu usituunguze. Nikamwonyesha lile boksi kwa kidevu.

"Hivyo vyote kavimaliza huyo," nikamwambia.

"Kavimaliza lini, Mama Hakimu? Na hukumu anaandika lini? Au mahabusu ndio wanamsomea?"

"Wivu huo, shoga."

"Wivu wa nini? Mimi mwenyewe vitabu vyako navijua vyote na sijafungua hata kimoja. Nakaa hapa tu nakusikia."

Tukacheka. Lakini maneno yale yaliniingia.

Somoe tangu mdogo ana tabia ya kukunja pembe ya ukurasa pale anapoishia. Nimemgombeza kwa hilo hadi nikachoka. Basi nilipokuwa navipanga vitabu kabatini, nikawa natazama pembe. Madoa meusi ya vidole vyangu yalikuwepo, mengi tu. Pembe iliyokunjwa sikuiona hata moja.

Nikajipa moyo. Nikasema amekua, hakimu mzima hawezi kukunja vitabu.

Jana mchana tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na kisamvu, sisi wawili tu. Nikamtega. Nikataja kile kitabu cha fundi seremala aliyegombana na ndugu yake, nikasema, "Yule ndugu yake alivyozama mtoni, nililia."

"Hata mimi, mama. Iliniuma sana."

Hakuna aliyezama katika kitabu kile. Mto wenyewe hamna.

Nimemkamata hakimu kwa ushahidi wa uongo, na sikuona raha yoyote. Nikamwambia, "Somoe, hakuna aliyezama." Akaacha tonge sahanini. Alitazama chini kama alivyokuwa akitazama chini nikimkuta na kosa, enzi za sare ya shule.

"Sisomi siku hizi, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nimekalia kile kiti. Kutwa nasoma mafaili. Kila faili lina mtu analia ndani. Jioni nikifungua kitabu namtafuta mwenye kosa. Nasoma mwanzo, naruka mwisho nione kama nimepatia, nakifunga. Sisikii kitu."

"Na Ijumaa zote hizo?"

"Ijumaa nakusikiliza wewe."

"Si ungeniambia?"

"Ulinipa nafasi gani, mama?"

Alisema hivyo huku akitabasamu kidogo, wala hakuwa na ubaya. Nikatoa vyombo. Nilikaa karoni muda mrefu kuliko vyombo vyenyewe vilivyotaka.

Nilikuwa namfikiria Somoe yule wa shule ya msingi. Nilipokuwa nabangua, mikono ikiwa na majivu na utomvu, sikuweza kushika kitabu. Basi alikaa mbele yangu kwenye kigoda, akakishika, akanisomea. Mimi napiga korosho, yeye anasoma. Nikisema rudia, anarudia. Ikifika sehemu ya kuchekesha alicheka yeye kwanza, akashindwa kuendelea, na mimi nabaki na nyundo hewani nasubiri nijue kuna nini. Hapo ndipo aliposhika kusoma. Nimejisifu kwa hilo kwenye harusi, kwenye vikao vya mtaa, msibani pia nilishajisifu. Kwamba mimi, mwanamke wa darasa la saba, nilimfundisha mtoto kupenda vitabu, na vitabu vikampeleka hadi kwenye kiti cha hakimu.

Ni kweli vilimpeleka. Sikujua kwamba akifika atavikosa.

Uongo wake haujaniuma sana. Ningekuwa na mama msemaji kama mimi, huenda nami ningesema nimelia mtu alipozama. Kinachoniuma ni kingine. Mimi nikisoma kitabu cha huzuni hakinikai. Nusu nampa Bi Fatu uani, nusu nampa Somoe Ijumaa, nami nabaki mwepesi, nalala. Na watu wote wale wanaolia kwenye mafaili yake, yeye anawapeleka wapi? Anaishi peke yake. Anarudi nyumbani na vilio vya watu, halafu Ijumaa nampigia kelele za seremala.

Jioni tulitembea ufukweni Shangani. Nilimshika mkono kama nilivyokuwa nikimshika akiwa mdogo, akaniacha nimshike. Hatukuzungumza kitabu chochote. Nilijaribu mara kadhaa kuanza hadithi, nikaimeza. Sikujua nikiwa na mwanangu niseme nini kama si hadithi.

Leo, wakati anaoga, nilifungua begi lake. Nilikuwa nimeshatia kitabu kipya chini ya khanga, kama kila safari. Nikakitoa. Nafasi yake nikatia korosho nyingine na mabibo makavu anayoyapenda. Nilikaa kitandani nimekishika kitabu mapajani, nikasikia kama nimemnyima chakula.

Stendi alilipapasa begi akanitazama.

"Leo hamna kitabu?"

"Hamna."

"Umenifukuza shule, mama?"

"Nimekupa likizo."

Akacheka. Si kicheko kile cha kwenye kigoda, lakini ni kicheko. Basi likaondoka, nikasimama pale hadi mpiga debe mmoja akaniuliza, mama unasafiri au unasindikiza. Nikamwambia namsindikiza hakimu. Hilo siachi.

Kitabu kile kiko hapa pembeni yangu, sijakifungua. Nimezoea kusoma nikiwa na sikio lake kichwani, najiambia hapa nitamsimulia hivi, hapa nitaiga sauti hivi. Nitakisoma. Safari hii nakisoma mwenyewe, nione kinakaaje.

Lakini Ijumaa akipiga, atasema nianze mimi. Nitakataa. Nitamwambia aanze yeye. Anieleze kutwa amemsikiliza nani. Majina abaki nayo, na mambo ya siri ya kazi abaki nayo, mimi anipe ule uzito tu. Nisimkatize. Nisimuulize mwenye kosa ni nani. Akinyamaza katikati, nami ninyamaze, nimsubiri.

Bi Fatu akisikia kwamba nilikaa kimya kwenye simu atakuja kunipima homa. Hata mimi sijui kama nitaweza.

Ila mimi nimeshamaliza vitabu vigumu.