Jiko la Wageni

Jumanne, 1 Juni 1976
Watoto wa vidudu thelathini na wawili leo. Wawili wamekojoa mkekani. Upepo wa baridi tangu alfajiri, makamasi kila pua. Nimefuta, nimeimbisha, nimegawa uji wa ulezi. Mwaka wa pili sasa. Fomu yangu ya chuo cha ualimu bado imo kwenye droo ya Mwenyekiti wa kijiji, inangoja muhuri wake. Leo kanipa sharti jipya. Wageni wa wilaya wanakuja tarehe 24 kuiona shule ya vidudu, naye anataka wakute watoto wana jiko la kuchezea, kama watoto wa mjini. Nilichague mimi. Wageni wakiridhika atagonga muhuri siku hiyo hiyo. Nimemwamini. Nifanyeje?

Jumamosi, 5 Juni
Sumbawanga kwa lori, juu ya magunia ya mahindi. Fundi seremala wa mtaa wa Majengo alikuwa na jiko tayari. Alilitengeneza kwa kukumbuka jiko aliloliona zamani nyumbani kwa Mzungu mmoja. La mbao, rangi nyeupe, duara nne nyeusi za kuchora, vitufe vya kuzungusha, mlango mbele, na sufuria zake ndogo. Zuri mno.
Narudi nyumbani, Mama keshanifinyangia vyungu sita vidogo na mafiga matatu, bila kuombwa. Ufinyanzi ndiyo kazi yake. Nimekishika chungu kimoja, kimeenea kiganjani, nikajua kabisa watoto wangependa kipi. Nikamwambia nimechagua la Majengo, wageni watalipenda. Akavifunika kwa ungo. Nina aibu, lakini aibu haigongi muhuri.

Jumatano, 9 Juni
Jiko limefika. Watoto wamelizunguka. Restituta, miaka mitano na mdomo wa mama mkwe, akachungulia mlangoni akauliza kuni zinaingia wapi. Nikasema hili halina kuni.
"Basi halipiki," akasema.
Wakatoka nje wote, wakaenda kupika mchanga kwenye makopo. Nimebaki na jiko langu.

Jumatatu, 14 Juni
Hatimaye wamelipenda. Afadhali wasingelipenda. Desideri, mkorofi wangu, alipiga debe akapaza sauti: "Lori limekuja! Toeni vyombo!" Wakang'oa mlango wa jiko, wakajitwika vitufe, sufuria, kila kilichobanduka, wakazunguka nacho darasa zima. Restituta alikuwa bibi asiyetaka kutoka. Kalikumbatia jiko, wanamvuta miguu, analia kama alivyolia bibi yake mwenyewe mwaka juzi tulipohamishiwa hapa kwa malori. Siku ile yeye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Nani kamfundisha? Walipofika "kijiji kipya" walilipanga jiko upya, wakaangua kicheko, wakaanza tena.
Nilicheka nao hadi machozi. Kugeuka, Mwenyekiti yuko dirishani. Hakukaripia. Alisema tu wageni wasiuone mchezo huo, niwafundishe kucheza vizuri.

Ijumaa, 18 Juni
Nafundisha watoto kucheza. Naliandika jambo hili nilione lilivyo la kipumbavu. Wawili wanakoroga, mmoja anafagia, wanne wanakaa mezani na kusema asante mama. Nikipuliza filimbi wanabadilishana. Desideri kagonga debe tena. Nimemchapa. Sijawahi kumchapa kidudu, na huyu alinitazama akidhani natania, mpaka fimbo ya pili.
Nyumbani sikula. Bila muhuri siondoki, na bila hili sipati muhuri. Najichukia.

Jumanne, 22 Juni
Wamejua kucheza. Hawakosei hata kidogo. Hawacheki pia.

Alhamisi, 24 Juni
Gari moja, wageni watatu. Watoto walikoroga, walifagia, walishukuru. Filimbi, wakabadilishana. Kiongozi wa wageni, mama mmoja wa miwani, alishika kifua kwa furaha. Akasema hajaona vidudu wenye nidhamu kama hawa. Kisha akamgeukia Mwenyekiti: "Ndugu Mwenyekiti, mwalimu kama huyu msimwachie aende popote." Mwenyekiti akajibu kwamba hata yeye alikuwa na wazo hilo hilo. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.
Mchana nilimfuata ofisini. Kanikaribisha kiti, kaniuliza hali ya Mama. Fomu ataitunza, tutazungumza mwakani, kijiji kinanihitaji. Mpole kabisa. Heri angenitukana ningepata pa kushikia. Nikasema asante. Kama wale wanne wa mezani.
Nimenaswa. Na tanzi nimelisokota mwenyewe, siku kumi, kwa filimbi.

Jumatatu, 28 Juni
Baridi. Wamekuja wote, hata wenye kikohozi. Baada ya uji nimewaambia leo hakuna filimbi, chezeni mnavyotaka.
Wakajipanga mbele ya jiko, mikono nyuma, wakinitazama. Desideri alikuwa wa mwisho, karibu na ukuta, mbali na fimbo. Restituta akanyoosha mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauliza kwa adabu: "Mwalimu, huo mchezo wa tunavyotaka unaanzaje?"
Nikafungua mlango nikawaambia nendeni nje, kuna jua.
Wametoka kwa mstari.