Siku Mpira Ulipokuponyoka

Cleveland, Juni 1953

Mwanangu Zygmunt,

Mimi mzima. Kabichi kwenye bustani ya marehemu mama yako zimeshika vizuri.

Jumapili nilikuja uwanjani na wenzangu wa kiwandani. Hawajui wewe ni mwanangu, maana kwenye besiboli umefupisha jina letu. Mpira ulipokuponyoka kwenye glavu ya kudakia mkafungwa, Lonnie, mmoja wao, akapiga kelele, "We dogo, hiyo glavu au kikaango?" Wote wakazomea. Na mimi nikazomea. Ukageuka kututazama. Sijui kama uliniona.

"Mzee umemkomesha!" Lonnie akaniambia. Nikacheka.

Jumamosi tunakuja tena. Nitawaambia wewe ni nani kabla hamjaanza kucheza. Wakitaka kuzomea, waanze na mimi.

Baadaye nitapika. Njoo, kama bado unaweza kukaa meza moja na mimi.

Baba yako,
Wincenty