Kwa Boniventura Zengo, Aliyeunda Injini ya Lori la Nkoma

Mwaka umetimia, Boniventura, tangu tulipokulaza kando ya binti yako hapa Bariadi, mvua ya Machi ikitunyeshea sisi na majembe yetu. Watu bado wanaingia uani wakiita, "Fundi!" Kisha wanakumbuka, wanageuka.

Ulikuwa mtu wa maneno machache. Injini uliisikiliza kwa bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho umeyafumba. Hukumpokea mtoto wa mtu kabla ya kusugua mikono kwa mafuta ya taa na mchanga. Kanisani uliimba kwa nguvu, nje kabisa ya wimbo, na mama yako, mayu wako Nyamizi, alitabasamu hivyo hivyo.

Binti yako Stephania alishikwa na homa mlipokuwa mmekwenda Nkoma kwa wakwe zako, mwaka 1952. Lori mlilopanda kumpeleka hospitali lilizimika katikati ya mbuga, magurudumu yamezama kwenye udongo mweusi. Ulilala matopeni chini yake ukifungua na kufunga, na mkeo Pelagia ameketi juu, mtoto mapajani, akikuita kila mara. Alipoacha kukuita, ulijua.

Baada ya matanga ulimwambia, "Nitaunda injini isiyozimika njiani."

"Itamrudisha?" Pelagia alikuuliza.

Ulichukua spana ukatoka.

Wakulima wa pamba wa Nkoma walikuwa na lori kuukuu la jeshi, lililobaki baada ya vita. Magurudumu yake yalivuta mbele na nyuma, ila injini ilikuwa imepasuka. Ukatafuta bloku nzima, ule mwili wa injini, ukaipata Mwanhuzi; krenki, mhimili unaozunguka ndani yake, ukaitoa kwenye gari bovu kule Lalago. Beringi ulizikwangua kwa mkono, ukazipaka masizi kuona zinagusana wapi, ukakwangua tena. Bomba la kuvuta hewa ulilipandisha mpaka juu ya paa, ili maji ya mto yasiingie.

Pelagia aliichukia injini ile. Alipita kando yake kama anayempita mke mwenza. Ilipowaka mara ya kwanza, ikiwa imefungwa kwenye magogo pale uani, majirani walipiga vigelegele. Wewe uliizima, ukaanza kuifungua upya.

"Si imewaka?" alikuuliza.

"Imewaka, lakini kuna kitu kinagonga ndani. Itatufikisha nusu ya njia tu."

Aliweka ungo chini. Akaja, akainama, akakushikia krenki, na mafuta yakamchafua kitenge hadi kiunoni. Kuanzia hapo mliifanya kazi wawili.

Mvua zilizofuata, huko Nkoma, mama mmoja aitwaye Salu alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Lori, sasa likiwa na injini yako, likaipita mbuga ile ile, likinguruma polepole, na halikusimama mpaka hospitali ya misheni. Salu alijifungua salama. Habari ilipofika, Pelagia alikaa mlangoni akalia, nawe ukaketi ubavuni mwake.

Baada ya Salu walibebwa wengi. Ulipoulizwa kama injini itachoka, ulisema, "Ipeni oili, na msiikimbize ikiwa baridi." Basi.

Kisha ikaja Machi ya mwaka jana. Tumbo lilikuuma ukaficha. Pelagia alipoona huli, ulisema ni uchovu. Alipokukuta umejikunja kando ya benchi la kazi, alisema, "Namwita mdogo wako Mashimba alete lori."

"Mto umejaa," ulimwambia. "Mashimba ana watoto. Tungoje maji yashuke."

Mngoje! Wewe, uliyemvusha kila mtu. Mlingojea maji mpaka ukashindwa kusimama, ndipo mdogo wako Mashimba alipoacha kukusikiliza, akakubeba mgongoni hadi kwenye lori. Maji yalipanda mpaka milangoni. Pelagia alikushika kichwa. Injini haikukohoa hata mara moja, na katikati ya mto ulifumbua macho ukamwambia, "Sikia, Pelagia. Haigongi."

Tulifika, Boniventura. Hilo ndilo linalotuua. Tulifika, ukapokelewa, ukalazwa kitandani, na daktari akatoka akasema utumbo umeshapasuka, tungekuleta mapema. Kesho yake adhuhuri ukatuacha.

Mashimba bado analiendesha lori. Hupita hapa nyumbani akielekea kwenye kinu cha pamba, na akifika usawa wa mlango hupunguza mwendo. Pelagia hatoki. Mwaka huu wote amekukasirikia kuliko alivyokulilia. Amekuwa akisema peke yake jikoni, "Angeniambia. Angeniambia tu." Mama yako humsikia.

Juzi, tulipokaa kuyaandika haya, tulimuuliza Pelagia kama ana neno lake. Akasema, "Andikeni kwamba nimemsamehe." Mwanao Ngassa alipoinua kalamu, akamzuia. "Ngoja. Andika kwamba najaribu."

Tumeandika alivyosema.

Unakumbukwa na mayu wako Nyamizi, mkeo Pelagia, watoto wako Ngassa na Felisita, mdogo wako Mashimba na nyumba yake, wakwe zako wa Nkoma, na wote waliovuka. Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii.

Hatutakusahau, baba yetu, maadamu tunapumua.